Binti wa Kofia ya Vita

Ijumaa moja, tulipokwisha kusali alasiri, dada yangu alimtuma mtoto aje kuniita. Nilipofika kwake, huko Mji wa Kale, nilikuta kahawa imekwisha tiwa, kashata ziko sahanini, na mwenyewe ameketi mkekani na ufunguo mkononi. Ulikuwa ufunguo wa kabati. Ndani ya kabati hiyo alikuwa ameifungia kompyuta ya binti yake.

“Kaka,” akaniambia, “huyu mpwao hasikii langu wala la babake. Amemaliza kidato cha nne, amepita vizuri, ami zake wamemtafutia nafasi akasomee uuguzi. Yeye asema ataka kujifunza kutengeneza gemu. Usiku hulali, wasikia huyo chumbani, afoka kama makanga wa matatu. Wewe ni mtu wa mashairi, na wewe ni mjombake. Zungumza naye.”

Mimi, ndugu msomaji, nilikwenda nikiwa nimeshika upande wa dada yangu, tena bila ya kusikia upande wa pili, jambo ambalo kadhi yeyote angenilaumu kwalo. Nilidhani nitakuta mtoto aliyepotelewa na akili kwa michezo ya kupigana risasi. Binti akaja, akanipa shikamoo, akaketi kando ya mamake. Nilipomuuliza ni nani aliyemtia katika mambo haya, hakunitajia kijana wa mtaani wala mwimbaji wa redioni. Alinitajia mwanamke mmoja wa Marekani, mwenye shahada ya udaktari, anayefundisha chuo kikuu, anayefoka jukwaani, na ambaye amewahi kusimamia sauti zote za mchezo wa kompyuta. Jina lake halisi ni Enongo Lumumba-Kasongo. Jukwaani hujiita Sammus.

Jina hilo la ukoo lilinishtua kidogo, na bila shaka litakushtua nawe. Ni jina la Kongo. Babake Enongo ametoka Kongo, mamake ametoka Kodivaa, na wote wawili ni wasomi waliofundisha vyuo vikuu huko Marekani. Binti yao amelelewa Ithaca, mji mdogo katika jimbo la New York, ambao watu huujua zaidi kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Cornell. Kwa hivyo ni mtoto wa nyumba ya vitabu. Mtu angetarajia aandike vitabu, na ameandika kweli, ila hakukomea hapo.

Kabla sijafika mbali, yafaa nieleze aina ya ufokaji anaohesabiwa ndani yake, maana hata mimi nilielezwa. Ufokaji wenyewe huhesabiwa kuwa umeanzia mtaa wa Bronx, New York, katika tafrija ya tarehe 11 Agosti 1973, aliyopiga santuri kijana aliyejulikana kama DJ Kool Herc. Uliinuka na mambo ya mtaa: umaskini, majigambo, ugomvi na polisi, na baadaye dhahabu na magari. Sasa Wamarekani wana neno la dhihaka kwa mtoto asiyebanduka kwenye vitabu na kompyuta, asiyejua mpira, asiyejua kujichanganya na wenziwe. Mwaka 2000 mfokaji mmoja ajiitaye MC Frontalot alilichukua neno hilo la dhihaka akaliunganisha na muziki wake, akatoa wimbo, na aina nzima ikapata jina. Kwa matamshi yetu tungeiita nadikoo. Ni ufokaji wa wale waliokuwa wakichekwa darasani. Huimba habari za vitabu vya picha, za hesabu, za filamu za angani, na zaidi ya yote za michezo ya kompyuta.

Wengi wa waanzilishi wake walikuwa wanaume wa Kizungu. Weusi walikuwepo, ingawa wachache. Mmoja wao, Mega Ran, alikuwa mwalimu wa shule aliyetoka Philadelphia. Mwaka 2007 alitoa mkusanyiko wa nyimbo zilizojengwa juu ya muziki wa mchezo wa Mega Man, mali ya kampuni ya Capcom ya Japani. Kampuni ilipopata habari, watu walitarajia barua ya mawakili. Ilimpa idhini. Baadaye aliacha chaki akashika kipaza sauti moja kwa moja. Sammus amezuru miji pamoja naye.

Basi nikarudi kwa mpwa wangu, nikamwuliza, “Na hili jina la Sammus ni la nini?”

Hapo ndipo aliponipata.

Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Metroid. Ndani yake kuna shujaa aliyevaa nguo za chuma mwili mzima, kofia imemfunika uso, anatembea peke yake katika mapango ya sayari ya mbali akipigana na majinamizi. Shujaa huyo huitwa Samus Aran. Mchezaji hucheza siku na siku akimwongoza huyo askari, naye anapomaliza mchezo upesi, kofia huvuliwa, na chini ya kofia hutokea mwanamke. (Akimaliza upesi zaidi huvuliwa zaidi ya kofia, habari ambayo mpwa wangu aliipitia mbio mbele ya mjombake, nami sikumrudisha nyuma.) Watoto wa wakati ule walipigwa na butwaa. Hapana aliyewaambia kuwa shujaa ni mwanamume, lakini hapana aliyedhani vinginevyo.

Kusema kweli, waliambiwa. Kijitabu cha maelezo cha Kiingereza kilimtaja shujaa kwa kiwakilishi cha kiume, kwa kuwa lugha ya Kiingereza humlazimisha mtu aseme: huyu ni wa kiume au wa kike? Ili kuitunza siri, ikabidi kisemwe kisicho kweli. Nilipoambiwa hivyo nilicheka hadi dada yangu akanitazama. Kwani Kiswahili kingeitunza siri ile bila ya kusema uongo hata chembe! Sisi husema “amekuja, ameshinda, ameondoka”, na hiyo “a” haimfichui mtu. Mshairi wa pwani amejificha nyuma ya herufi hiyo tangu zamani. Shairi la mapenzi linaimbwa arusini na watu mia, na hapana ajuaye kama anayeliliwa ni bwana, bibi, au jahazi.

Mwaka huo wa 1986 mimi nilikuwa kijana wa miaka 15. Sikuwa na habari za Metroid. Nilikuwa nasoma chuo asubuhi na jioni, na katikati nikiandika mashairi katika daftari la hesabu. Mzee mmoja wa ukoo wetu, simtaji, alilipata daftari lile akaona kuwa ni upuuzi unaonipotezea wakati wa masomo. Alilitia jikoni. Nasema jikoni, chini ya chungu cha wali, na ule wali nikaula. Jambo hilo sikulikumbuka kwa miaka mingi, nililikumbuka pale nilipoutazama ufunguo mkononi mwa dada yangu.

Tuendelee na habari ya Enongo. Alisoma Cornell, kisha akaenda Houston, Texas, akafundisha watoto shuleni. Akarudi Cornell kusomea shahada ya udaktari katika fani inayochunguza jinsi sayansi na mitambo inavyoishi na watu. Wakati huohuo alikuwa akitunga maneno na kutengeneza mwenyewe midundo yake, maana yeye si mfokaji tu, ni fundi wa muziki pia. Mkusanyiko wake wa mwaka 2012 aliuita M'Other Brain. Katika mchezo wa Metroid adui mkuu ni ubongo mkubwa uitwao “Ubongo Mama”. Enongo akaikata herufi moja kwa alama ndogo, na neno likawa linasomeka “mama” na “mwengine” kwa pamoja. Mwaka 2014 akatoa Another M, akiligeuza tena jina la mchezo mmoja wa Metroid wa mwaka 2010. Safari hii alimchukua yule Samus wa kwenye kofia akamwazia kuwa mwanamke mweusi, akamvika maisha na machungu ambayo wenye mchezo hawakumpa.

Sisi tuliopitia mashairi hatuhitaji kufundishwa kuwa hiyo ni jinasi: neno moja, nguo mbili. Wazee wetu walishindana usiku kucha kwa mambo kama hayo, na aliyelifumbua fumbo ndiye aliyekwenda nyumbani kifua mbele.

Lakini wimbo ulionikalisha kitako ni ule uitwao “Perfect, Dark”, katika albamu ya Pieces in Space ya mwaka 2016, iliyotolewa na kampuni ya Don Giovanni Records. Kuna mchezo wa mwaka 2000 uitwao Perfect Dark, maana yake ni kiza totoro, na shujaa wake ni mwanamke wa Kizungu. Sammus ametia mkato kati ya maneno mawili. Mkato, basi! Na maana ikageuka: “kamili, tena mweusi”. Wimbo wenyewe unalalamikia uchache wa wasichana weusi katika michezo na vikatuni ambavyo watoto kama yeye walivitazama wakikua, wakitafuta pa kujiona wasipaone. Nimewahi kuona washairi wakubwa wakitumia beti 30 kusema kidogo kuliko mkato ule.

Katika albamu hiyohiyo upo wimbo uitwao “1080p”. Jina ni hesabu ya mistari inayojenga picha ya televisheni iliyo safi kabisa, mistari 1,080. Wimbo ni wa mtu aliyezama katika huzuni, katikati ya masomo mazito na mapenzi yaliyovunjika, akafika mahali pa kutafuta mshauri wa mambo ya nafsi, na polepole akaanza kuyaona mambo wazi tena. Aliusema mbele ya watu ugonjwa ambao wengi wetu hufunikia shuka. Huku kwetu kijana akipatwa na dhiki ya roho huambiwa azidishe sala, na ni kweli azidishe, au hutafutiwa kombe. Kumwendea tabibu kwa maradhi ya kifua si aibu, lakini kwa maradhi ya moyo huonekana kuwa ni kuutangaza wazimu. Dada yangu, niliposema hivi, alinyamaza akamtazama binti yake kwa muda. Sikuuliza.

Sasa najua wapo watakaoniandikia. Watasema: na hizo ala? Suala la ala za muziki wanavyuoni wana kauli zao, nami si mahali pangu kuzihukumu katika ukurasa huu. Mimi nazungumzia maneno. Na katika maneno, ufokaji una aibu zake, siwezi kuzikana. Lugha chafu imejaa, na hata huyu msomi wetu hatakasiki kabisa na hilo. Mwenye kumpa mtoto nyimbo hizi asikilize yeye kwanza.

Kuna pia ugomvi wa ufundi, na huu ndio nilioupigania siku ile kwa nguvu zangu zote. Shairi letu la tarbia lina mizani 16 katika mshororo, nane ukwapi na nane utao, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake kama boriti darini. Ukipunguza mizani moja, msikilizaji wa Lamu atakohoa. Mfokaji hahesabu hivyo. Yeye ana mapigo manne ya ngoma, na ndani ya mapigo hayo atatia silabi saba au ishirini, almuradi atue pamoja na ngoma. Vina vyake huviweka katikati, mwanzo, kokote. Nikamwambia binti, “Huo si ushairi, ni mtu kukimbilia gari.” Akanijibu, kwa adabu zote, “Mjomba, wewe wahesabu silabi, yeye ahesabu pumzi.” Sikuwa na jawabu tayari, nikaomba kahawa nyingine.

Mwaka 2019 Enongo alihitimu shahada yake ya udaktari. Utafiti wake haukuwa wa mbali: alichunguza studio za mitaa, zile ambazo watu wasio na uwezo huenda kurekodi sauti zao, na jinsi maisha ya hip hop yanavyoendeshwa ndani yake. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, katika idara ya muziki, akawa profesa huko. Yuko pia katika kundi la wanawake waitwao theKEEPERS, maana yake watunzaji, wanaokusanya kumbukumbu za kazi za wanawake na wasichana katika miaka 50 ya hip hop. Kazi hiyo naielewa vizuri. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, tunao kwa sababu walikuwapo walioukopi kwa mkono, nakala baada ya nakala. Ni tungo ngapi za mabibi zetu zilizokosa mtu wa kuzikopi?

Na sasa tufike kwenye mchezo wenyewe, uliomfanya mpwa wangu akeshe.

Kuna kampuni ya Marekani iitwayo Glow Up Games, iliyoanzishwa na wanawake wawili, Latoya Peterson na Mitu Khandaker. Enongo alijiunga nao akawa mkuu wa mambo ya sauti. Mwaka 2021 walitoa mchezo wa simu uitwao Insecure: The Come Up Game, uliotokana na tamthilia ya televisheni ya Issa Rae iliyoonyeshwa toka 2016 hadi 2021. Tamthilia hiyo siwapendekezei watoto wenu, ina mambo ya watu wazima. Lakini ina kitu kimoja: mhusika wake mkuu, anapokuwa na jambo moyoni, husimama mbele ya kioo cha bafuni akajifokea mwenyewe, peke yake, mambo asiyoweza kuwaambia watu. Waliotengeneza mchezo walikichukua kioo hicho wakakifanya uwanja. Mchezaji husimama mbele ya kioo, ngoma inapiga, mistari inakuja, naye huchagua maneno ya kuikamilisha ili vina vilingane.

Nilipoelezwa hivyo nilipinga papo hapo. Nikasema kuchagua si kutunga. Mtu akikupa maneno matatu ukanyoosha kidole, umetunga nini? Hata kasuku angeweza.

Binti akamtazama mamake. Mamake akanitazama mimi. Kisha, taratibu, ufunguo ukaingia kabatini, na kompyuta ikatoka, ya zamani, imefungwa utepe pembeni. Akaiwasha. Alikuwa ametengeneza mchezo wake mwenyewe, mdogo, wa ubeti mmoja tu kwa wakati. Picha hazikuwa nzuri, kile kioo kilifanana zaidi na mlango wa choo. Lakini ubeti ulikuwa huu, na aliutunga yeye:

Kavaa nguo za vita, na uso umefichama,
Adui akawafuta, mmoja hakusimama,
Kofia alipovuta, watu wakashika tama,
Kumbe aliyewapita, ni binti ........

Hapo mstari ukakatika, ngoma ikawa inapiga, na chini yakatokea maneno manne: “wa kina mama”, “mwenye heshima”, “asiye nyuma”, “wa Mombasa”. Nikahesabu kwa vidole chini ya kanzu, nisionekane. “Wa Mombasa” nikalitupa: mizani yake minne, pana pengo la mitano, na kina chake si “ma”. Yaliyobaki yote matatu yalikuwa sawa. Nikachagua “mwenye heshima”, kwa kuwa nilikuwa nimekaa na mamake. Kompyuta ikakubali, ikalia kama kengele ya baiskeli. Binti akacheka. Yeye, alisema, kila mara huchagua “asiye nyuma”.

Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka jambo. Mwalimu aliyenifunza mashairi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakutufundisha kwa kutueleza. Tulikuwa watoto sita barazani kwake baada ya magharibi. Husoma shairi, na akifika penye kina husita, akamnyooshea kidole mmoja wetu, na huyo alijaze. Ukitia neno lisilolingana, wenzio hukuzomea. Ukitia lililolingana kwa sauti lakini halina maana, hukutazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Hivyo ndivyo sikio langu lilivyofunzwa, kwa miaka miwili, kabla sijaandika ubeti wangu wa kwanza ulio kamili. Na wapi leo mtoto atapata baraza kama hiyo? Mwalimu yule amekufa, nyumba ile sasa ni duka la simu.

Sikumwambia dada yangu kuwa binti asiende uuguzini. Hilo ni la babake na ami zake, na mtu mwenye akili haingilii kati ya ami wanne. Nilisema tu kwamba kompyuta isirudi kabatini, na kwamba profesa wa Marekani hakuacha masomo yake kwa sababu ya kufoka. Alishika vyote viwili, tena kwa miaka mingi, na haikuwa rahisi kwake, kama alivyokiri mwenyewe. Dada yangu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika sina. Binti naye nikampa sharti: kila Ijumaa aniletee beti nne zenye mizani kamili, nizikague.

Alianza wiki iliyofuata. Wiki iliyopita alileta nne, na wa tatu ulichechemea: ukwapi wake ulikuwa na mizani saba. Nikaupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Akasema hapo pana pumzi, ngoma inalijaza lile pengo. Nikasema karatasi haina ngoma. Akasema isome kwa sauti basi, Mjomba. Nikaisoma kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, yeye akipiga mkeka kwa kiganja, na ilipofika mara ya tatu adhana ya magharibi ikatoka, tukainuka kwenda kutia udhu na ubeti ukiwa bado uko juu ya mkeka.